Zawadi ya Alama Moja

Foleni ya duka la fotokopi ilikuwa imefika barazani, mashine moja imeharibika na nyingine inatema karatasi zenye mikunjo, wakati muuza dawa mmoja alipoanza kumsema vibaya mtu asiyemjua.

"Aliyetunga swali hili hana mke," alisema. "Na kama anaye, namhurumia huyo mke."

Hakuwa akimwambia mtu hasa. Alikuwa amesimama katikati ya foleni na koti lake jeupe la duka la dawa, vifungo wazi, chini yake gauni la zambarau lililomkaa vizuri kiunoni na viatu bapa vya mtu anayesimama siku nzima. Mkononi alishika mtihani wa lugha wa mwaka uliopita, umechorwa kalamu nyekundu kila upande. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, ananukia sabuni.

"Swali gani?" mwanamume aliuliza.

"Hili. Sikiliza, kaka, uniambie kama mimi ndiye mwenye wazimu. 'Kundi la wanafunzi', halafu nafasi, halafu 'darasani'. Uchague 'waliingia' au 'liliingia'. Nikachagua 'waliingia', nikakosa. Sasa nakuuliza, kundi lina miguu?"

"Halina."

"Walioingia ni akina nani?"

"Wanafunzi."

"Basi. Hata wewe umeona."

"Lakini mwenye sentensi ni kundi," mwanamume alisema kwa upole. "Wanafunzi wamekuja kulifafanua tu. Kitenzi humfuata mwenye nyumba, hakiwafuati wageni wake."

Binti akamgeukia, akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vya kutosha na mdomo ambao ulikuwa karibu kucheka.

"Wewe mwalimu?"

"Hapana. Nafanya kazi ofisini."

"Ofisi gani?"

"Ofisi tu. Ya kawaida."

Sasa nikwambie mapema, usije ukateseka kama alivyoteseka binti wa watu: huyo mwanamume ndiye aliyelitunga swali lile. Alikuwa mtunzi katika ofisi ya mitihani, upande wa sarufi, upatanisho na alama za uakifishaji, na kanuni ya ofisi ile ilikuwa kali. Mtunzi hasemi kazi yake kwa mtu anayejiandaa na mtihani anaoutunga, na hamfundishi kabisa. Mke, kwa kweli, hakuwa naye.

"Na hili nalo," binti aliendelea, maana akianza kulalamika hashikiki. "'Madereva ambao walikuwa wamelewa walikamatwa.' Eti bila mikato waliokamatwa ni walevi peke yao, lakini ukiweka mkato huku na mkato huku, madereva wote wamelewa. Yaani vialama viwili vinalewesha watu wazima."

"Ukimwona huyo mtunzi utamfanya nini?"

"Nitamuuzia dawa ya kuharisha, nimwambie ni ya kikohozi."

"Duka lako liko wapi, nisije nikapita hapo?"

Alimwelekeza huku akicheka. Kesho yake mwanamume akatokea kaunta kutaka dawa ya kikohozi, na kikohozi chenyewe hana.

*

Wakapendana. Sitakuzungusha, walipendana haraka, kama watu wanaopanda ngazi wakiruka vidato. Mwanamume alimwita binti Daktari, kwa sababu ya koti jeupe na kwa sababu ndilo jina alilolitaka. Binti akamwita Bwana Ofisi, kwa sababu hakuna kingine alichokuwa ameambiwa. Nasi tuwaite hivyo hivyo.

"Daktari, umekula?" Bwana Ofisi alikuwa akipiga simu mchana.

"Nimekula. Wewe?"

"Nakula sasa. Nakula huku nakuwaza."

"Ukikabwa na tonge usinitaje polisi."

Mwenzake wa kaunta, mama wa makamo aliyeolewa mara mbili na anayejua mengi, alikuwa akisikiliza kila neno huku anapanga vichupa. "Shoga, mwanamume asiyesema kazi yake ana mke au ana kesi," alimwambia. Daktari akasema huyu hana vyote viwili. Mama wa makamo akasema, tutaona.

Kilichokuwa kikimnyima Daktari usingizi ni chuo. Chuo cha ufamasia kilikuwa kimemkubali kwa masomo yote, kimebaki kitu kimoja, cheti cha mtihani wa lugha. Alikuwa amekosa mara mbili, na mara zote mbili kilichomwangusha ni sehemu ile ile ya sarufi. Chuo kilimwambia waziwazi kwamba nafasi yake itashikiliwa mpaka mtihani huu unaokuja, baada ya hapo apewe mwingine. Alikuwa amechoka kuuza dawa alizoandika mwingine na kuulizwa na wagonjwa maswali ambayo majibu anayajua lakini haruhusiwi kujibu. Fikiria hasira yake. Lugha anaiongea tangu alipoota meno, anagombana nayo, anapenda nayo, halafu karatasi inamwambia hajui.

Na pembeni yake yupo mwanamume aliyemweleza "kundi" kwa sentensi mbili akaelewa palepale.

"Nifundishe," alimwambia walipokaa kwenye benchi nje ya duka, wanashiriki soda moja.

"Siwezi, mpenzi."

"Kwa nini?"

"Mimi na wewe tukikaa kusoma, hatutasoma."

Mara ya kwanza alicheka, akampiga kibao cha mapenzi begani. Mara ya pili akaambiwa kazi ni nyingi. Mara ya tatu akaambiwa, "Mimi si mwalimu mzuri, nitakupoteza." Siku moja alimfungulia daftari la mazoezi mbele ya macho, amsahihishie swali moja tu, na Bwana Ofisi akageuza uso, akatazama ukuta wa duka la jirani kana kwamba umeandikwa habari.

"Unaniona mjinga," Daktari alisema.

"Sijawahi kukuona mjinga."

"Basi unaona nitakuaibisha. Nikifeli uwe hukuhusika."

"Daktari wangu, niamini tu. Siwezi."

"Siwezi, siwezi. Ungekuwa huwezi kweli ungesema kwa nini."

Akanuna wiki nzima. Bwana Ofisi alimpigia, simu haikupokelewa, akatuma ujumbe wa pole, ukasomwa ukaachwa. Mwanamume yule aliteseka kweli, nikubali. Kila jioni alikuwa na jibu kamili mdomoni na kanuni ya ofisi imemziba. Lakini angeweza kufanya jambo jepesi zaidi, na utaona baadaye kwa nini hakulifanya, na mimi hapo ndipo aliponiudhi.

*

Walipatana Jumapili moja, mvua inanyesha, kila mtu kwao, simu sikioni.

"Nimekukumbuka mpaka nimekonda," Bwana Ofisi alisema.

"Ulikuwa umekonda tangu zamani."

"Basi nimeisha. Mbona hujawahi kunikaribisha kwenu, hata nifie mlangoni kwenu?"

Mvua ilisikika pande zote mbili za simu. Kisha Daktari akaongea, taratibu, sauti ameishusha ili mama yake aliyekuwa chumba cha pili asisikie.

"Kwetu kuna jambo. Viatu vya baba, ambavyo hakuna anayevivaa, bado viko mlangoni. Ukija utaviona, utauliza baba yuko wapi, na mama atakwambia ametoka kidogo."

"Ametoka lini?"

"Nikiwa darasa la sita. Alitoka asubuhi kama watu wote wanavyotoka. Hakufa, maana tungezika. Hakurudi tu. Mama anavipiga brashi kila Jumamosi, na wageni tunawaambia baba yupo. Sijawahi kumwambia mtu, hata mwenzangu wa kaunta. Nakuomba, lisitoke kwako."

"Litoke liende wapi?" alisema. "Mimi nimwambie nani?"

Naye alikuwa anasema kweli alipolisema. Daktari alilia kidogo, akachekeshwa, wakaagana kwa busu la simu, na usiku ule alilala vizuri kuliko siku zote. Alikuwa amempa mtu mmoja mzigo aliobeba tangu utotoni, na huyo mtu hakustuka.

*

Ofisini kwa Bwana Ofisi, kila kazi ya kutunga karatasi ya mtihani ikianza, Mama Mwenyekiti aliwazungukia watunzi mezani mmoja mmoja. Alikuwa mwanamke mnene, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na swali lake lilikuwa moja, anakuuliza macho kwa macho: "Una mtu anayefanya mtihani huu?" Hakuna karatasi ya kujaza. Unajibu kwa mdomo, mbele ya wenzako. Ukisema unaye, unanyanyuka, unahamia karatasi nyingine, na hakuna anayekucheka.

Hilo ndilo jambo jepesi nililolisema. Angesema ninaye, angehamia karatasi ya ufahamu ya mtihani mwingine kwa msimu mmoja, na hata kazi yake angeweza kumweleza mpenzi wake. Lakini alikuwa amengoja muda mrefu kukabidhiwa sarufi, akaogopa kwamba akiiachia hatairudia.

"Una mtu?" Mama Mwenyekiti alimuuliza.

"Sina," alisema.

Siku za mwisho kabisa, karatasi ikiwa karibu kwenda kuchapwa, ikagundulika kwamba swali moja linafanana na swali la kitabu cha mazoezi kinachouzwa barabarani. Likatolewa. Mama Mwenyekiti akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Nataka swali jipya leo hii. Upatanisho na mikato kwa pamoja. Na nataka sentensi yenye uhai, jamani. Hizi zenu zote ni maiti. Fulani alikwenda sokoni, fulani alirudi. Nani anaongea hivyo?"

Bwana Ofisi alikaa na karatasi tupu. Sentensi moja tu ilikuja kichwani, na ilikuja imekamilika, na mikato yake mahali pake. Aliifukuza. Ikarudi. Halafu likamjia wazo ambalo, nakuapia, lingemjia mtunzi wa mitihani peke yake. Alimkumbuka Daktari na daftari lake wazi. Nimemnyima kila kitu, alijiambia. Hii moja ataijua bila kufundishwa. Ataiona, atatabasamu, atajua nilikuwa naye mle ndani. Alama moja tu, nani ataumia?

Mwanamume mwingine angenunua maua. Huyu alitunga swali, na akalitunga kwa mapenzi. Mama Mwenyekiti alilisoma mara moja akasema, "Umeona? Hii sasa ni sentensi." Likaingia.

*

Ukumbi wa mtihani ulikuwa mkubwa, madirisha ya juu, madawati yametengana hatua kadhaa. Daktari alivaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu ambayo mama yake aliipiga pasi mwenyewe alfajiri. Alianza vizuri. "Kundi" lilikuwepo, limevaa nguo nyingine, na safari hii alilitambua. Mikato ya ukurasa wa pili aliimaliza bila kusita. Alikuwa anajisikia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwamba karatasi inampenda. Akafunua ukurasa wa tatu.

Chagua sentensi iliyo sahihi.

A. Viatu vya baba ambavyo hakuna anayevivaa bado iko mlangoni.

B. Viatu vya baba, ambavyo hakuna anayevivaa, bado iko mlangoni.

C. Viatu vya baba, ambavyo hakuna anayevivaa, bado viko mlangoni.

D. Viatu vya baba ambavyo, hakuna anayevivaa bado viko mlangoni.

Alisoma mpaka D, akarudi A. Alidhani anaumwa. Akaweka alama kwenye C, maana C ilikuwa yake, ilitoka kinywani mwake Jumapili ya mvua. Kisha akainua kichwa. Ukumbi mzima ulikuwa umeinama. Kulia kwake karatasi ikafunuliwa, mbele yake ikafunuliwa, na kila aliyefunua alikuwa sasa yuko mlangoni kwao, anawatazama. Alijaribu swali lililofuata, herufi zikawa zinaogelea. Alijaribu la baada yake. Akarudi kwenye viatu bila kutaka, akakaa hapo, na alikuwa bado yuko hapo msimamizi alipokuja kuchukua karatasi na kurasa zote za mwisho zikiwa tupu.

Nje kwenye korido watahiniwa walikuwa wanabishana kama kawaida yao.

"Mimi nimeweka B."

"B umeliwa. Viatu viko, haviwi 'iko'."

"Tuache viatu, huyo baba mwenyewe yuko wapi? Kafa?"

"Katoroka huyo. Mtu akifa viatu vinagawiwa."

Wakacheka. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa wamechoka tu, mtihani umewatoa jasho. Daktari alipita katikati yao mpaka getini, akatoa simu.

"Daktari wangu," Bwana Ofisi alipokea kabla haijaita vizuri. "Vipi mtihani?"

"Kazi yako ni ipi?"

Bwana Ofisi alicheka kidogo.

"Nimekuuliza. Kazi yako ni ipi?"

"Umeliona," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha, Mungu amsamehe. "Nililiweka kwa ajili yako. Nilijua hilo hutakosa."

"Sijalikosa. Yote yaliyofuata ndiyo sijayaandika. Nimekaa namtazama baba yangu mpaka wakachukua karatasi."

"Wametoka wanacheka," Daktari aliendelea. "Mmoja anasema kafa, mwenzake anasema katoroka. Wageni wa nyumbani kwetu hawajui, majirani hawajui, leo anajua kila mwenye kalamu. Ile siri ni ya mama yangu. Haikuwa yangu nikupe uifanyie kazi."

"Nilikuwa nakupa zawadi. Sikuwa na kingine cha kukupa. Kanuni zetu..."

"Kumbe kulikuwa na kanuni. Miezi yote nalia unifundishe, najiona mjinga, ungeniambia kuna kanuni ningenyamaza. Hukuniambia kitu. Umenipa alama moja, umechukua mtihani mzima. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, mimi nikadhani wanasema chawa."

Akakata simu. Alipofika duka la dawa alikwenda moja kwa moja nyuma ya kaunta, akavaa koti lake, na mwenzake wa makamo alipomwona uso hakuuliza chochote. Alimsogezea kiti tu.

*

Asubuhi iliyofuata Bwana Ofisi alisimama mbele ya meza ya Mama Mwenyekiti, shati halijapigwa pasi.

"Uliniuliza kama nina mtu, nikasema sina," alisema. "Nilikuwa naye. Kama bado ninaye, sijui."

Akaeleza yote, mpaka mvua. Mama Mwenyekiti alivua miwani yake, akaiacha ining'inie. Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza zaidi.

Daktari akaitwa. Alikwenda amevaa gauni jeusi kama anayekwenda msibani, amejiandaa kupigana, kwa sababu alidhani sasa wanataka kumfanya mwizi juu ya yote yaliyompata.

"Aliwahi kukufundisha?" Mama Mwenyekiti aliuliza.

"Nilimwomba mpaka nikamnunia wiki nzima."

"Aliwahi kukuonyesha swali?"

"Nilimfungulia daftari langu, akageuza uso akatazama ukuta. Mama, kama mnatafuta mtu aliyesaidiwa, mmekosea nyumba."

Mama Mwenyekiti alivaa miwani yake. "Nakuamini, mwanangu. Mwenye kupewa mtihani haachi kurasa tupu." Akamweleza uamuzi. Lile swali limefutwa kwa watahiniwa wote. Karatasi yake Daktari nayo imefutwa, lakini ataruhusiwa kurudia mwezi ujao pamoja na wale waliokuwa wagonjwa, karatasi mpya, watunzi wapya. Chuo kimeandikiwa, kitasubiri. Mtunzi ameondolewa, amepelekwa stoo.

"Alikamatwaje?"

"Hakukamatwa. Amekuja mwenyewe." Mama Mwenyekiti akasita, kisha akaona ni haki yake kujua. "Ila hapa kila mtunzi huulizwa kama ana mtu anayefanya mtihani. Tulimuuliza yeye pia, mbele ya wenzake. Akasema hana."

Daktari alishukuru, akatoka, akashuka ngazi zote akiwa amenyooka. Kwenye kituo cha basi ndipo alipokaa chini. Viatu vilimuuma, lakini lile neno dogo, "sina", lilimuuma mahali pengine. Mtu anaweza kukosea kwa mapenzi. Kumkana mpenzi wako mbele ya watu, ili usibadilishiwe meza, hayo ni mapenzi ya namna gani?

*

Mwezi ule alisoma kwa hasira. Alisoma baina ya wateja, karatasi zimefichwa chini ya kaunta, na mwenzake wa makamo akimshikia zamu. Aligundua kwamba kanuni ya mwenye nyumba na wageni inafanya kazi kila mahali, na kila ilipomsaidia alichukia kwamba amefundishwa na yule.

Nyumbani mama yake alikuwa akimtazama. Jioni moja, wanachambua mboga jikoni, akauliza, "Yule aliyekuwa anakuchekesha kwenye simu mpaka nakusikia huku, amekwenda wapi?"

"Amenikosea, mama."

"Sana?"

Daktari alikuwa ameamua kutosema. Lakini alikuwa amechoka kubeba, na huyu ndiye aliyekuwa na haki, basi akamwambia yote, hata korido. Mama aliendelea kuchambua majani, yale mazuri kushoto, mabovu kulia. Mwisho akaacha.

"Watu wanajua, mwanangu," alisema. "Majirani wanajua tangu zamani. Wananistahi tu, na mimi nawaacha wanistahi." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Huyo mwanamume, alipoona amekosea, alikimbia?"

"Hapana. Alijishtaki mwenyewe. Amepelekwa stoo."

"Basi yuko. Anayekukosea na yuko, utamsema, atakusikia. Mimi wangu nimsemee wapi?"

Walimaliza mboga bila kusema zaidi. Daktari alimwoshea mama yake vyombo vyote usiku ule, kazi ambayo siku nyingine huilalamikia na kuikimbia.

Alirudia mtihani kwenye chumba kidogo, na watu wanaokohoa. Matokeo yalipotoka alikuwa amepita, si kwa kishindo, alipita akichechemea, lakini chuo hakiulizi mwendo. Mwenzake wa kaunta alimkumbatia mpaka koti likatoka bega moja. Wateja walimpongeza, mama yake alilia kwenye simu. Na baada ya pongezi zote Daktari akajikuta amekasirika upya, kwa sababu mtu mmoja aliyetaka kumwambia hakuwa ameambiwa.

Akavaa gauni la manjano, lile la kutoka, akaenda.

Stoo ilikuwa chini kabisa ya jengo, rafu mpaka darini, vitabu vitupu vya majibu vimefungwa kwa kamba. Bwana Ofisi alikuwa juu ya ngazi, mikono ya shati imekunjwa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipomwona alishuka polepole kama mtu anayeogopa kumtisha ndege.

"Nimepita," Daktari alisema.

"Hongera. Hongera sana." Alijifuta uso, akazidi kujipaka vumbi. "Sikukupigia. Niliona sina haki."

"Hukuwa nayo. Ulisema huna mtu."

"Nilisema."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu. Niliogopa kunyang'anywa karatasi ya sarufi. Nimetafuta sababu nyingine iliyo nzuri zaidi, sijaipata. Niliogopa tu."

"Na karatasi yenyewe iko wapi sasa?"

Akaonyesha rafu. Vitabu vyote havikuwa na hata herufi moja. Daktari alijizuia, lakini kicheko kilimtoka puani, na alichukia kilivyomtoka.

"Usidhani nimesamehe kwa sababu nimecheka."

"Sidhani."

"Bado nina hasira. Nitakuwa nayo hata mwaka ujao, nitakuwa nakukumbusha katikati ya chakula."

"Nikumbushe. Mradi tuwe tunakula pamoja." Akajikung'uta vumbi mikononi. "Siku hizi sitakiwi kuficha kitu. Ningeweza kukufundisha, kama bado ungetaka."

"Nimeshapita, Bwana Ofisi. Sihitaji mwalimu."

"Unahitaji nini?"

Daktari alitazama vile vitabu vitupu, kisha akamtazama yeye. Hakulijibu upesi, kwa sababu hili lilikuwa ndilo swali lenyewe, na alitaka kulijibu sawasawa.

"Mtu ninayeweza kumwambia jambo," alisema, "likaishia hapo hapo."

Bwana Ofisi hakuapa. Alivuta maboksi mawili, akayafuta vumbi kwa mkono wake, akakaa kwenye moja. Daktari akakusanya gauni lake la manjano lisichafuke, akakaa kwenye la pili, akamwinamia sikioni, akamwambia jambo.

Lilikuwa jambo refu. Mwanamume alisikiliza, akauliza kitu kimoja, akajibiwa, akamshika mkono. Hakulirudia kwa yeyote, si siku ile, si baadaye walipokuwa na nyumba yao. Mimi nalijua, maana msimulizi hujua yote. Ila ukitaka nikuambie, pole sana. Aliambiwa yeye, hukuambiwa wewe.